Madodoso ya Kijiji cha Kisima

Damari tulimzika Jumanne, nyumbani kwao upande wa Mpwapwa, mwezi huu wa Oktoba ambao ardhi ya huku Kanda ya Kati huwa ngumu kiasi kwamba wachimba kaburi walianza kazi siku moja kabla. Nimerudi Dodoma, siku ya nne sasa, nina rundo la kazi za wanachuo wangu mezani, na kila nikishika kalamu nyekundu najikuta nimeishikilia tu. Mmoja wao ameandika sura ya matokeo iliyonyooka mno, kila namba mahali pake, nami nimeutazama ukurasa ule kwa hofu ya zamani, ile niliyoishi nayo nikiwa na miaka thelathini na tatu. Vipande vya mwaka ule nimewahi kuwasimulia watu wawili watatu, nikiruka sehemu mbaya. Leo sitairuka. Habari za kwetu Korogwe, za wazazi na za shule nilizosoma, hizo ndizo nitakazoziacha, maana hazihusiki. Mambo yenyewe yalitokea katika nyumba moja ya Miyuji, ofisi moja ya chuoni Chimwaga na vijiji vitatu vya Chamwino.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari niliyepewa ruhusa ya kwenda kusoma shahada ya uzamili ya saikolojia. Nilidhani nakwenda kujifunza mambo ya huzuni na hofu za watu, na jinsi ya kumsikiliza mtu anayelia bila kumkatiza. Muhula wa kwanza ulikuwa hivyo. Muhula wa pili ulipoanza, mwezi wa Machi, tukaletewa mbinu za utafiti na takwimu, na mimi niliyeziaga hesabu kidato cha nne kwa furaha nikajikuta nakaa kiti cha mbele, nikinakili alama za Kigiriki kutoka ubaoni bila kujua hata zinatamkwaje. Jaribio la kwanza nilipata alama kumi na moja kati ya arobaini. Mhadhiri wetu, Dokta Kisanga, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye ndiye aliyepangwa pia kunisimamia tasnifu yangu, hakunikemea. Aliandika pembeni kwa penseli kwamba niende tuongee. Sikwenda. Kwa wiki tatu nilipita njia ya nyuma ya jengo ili nisikutane naye. Tabia hiyo nilikuwa nayo tayari, ya kuukwepa mlango ninaouogopa, na naiandika hapa kwa sababu bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki.

Nyumba ya Miyuji ilikuwa ya Mama Sechelela, mjane wa Kigogo, mwimba kwaya, aliyetupangisha vyumba viwili vya uani. Kimoja nilikaa mimi, kingine alikaa Damari, tuliyesoma naye darasa moja. Damari alinizidi miaka mitano au sita. Kabla ya kuja chuoni alikuwa ametunza kumbukumbu za kliniki ya watoto wilayani kwao, miaka mingi ya kuandika uzito wa watoto kwenye madaftari makubwa, na kwake kila namba ilikuwa na mtoto nyuma yake. Jiko tulitumia wote watatu. Ukutani, karibu na mlango wa jiko, Mama Sechelela alichora kistari cha mkaa kila siku iliyopita, kirefu kama maji ya bomba yametoka, kifupi kama hayakutoka. Hapo ndipo Damari aliponifundishia. Jioni moja nilikuwa namenya vitunguu huku machozi yakinitoka, na si kwa vitunguu peke yake, akaniambia nihesabu siku kutoka kistari kirefu kimoja hadi kingine, halafu nitafute wastani. Nikapata siku tatu. Akaniuliza kama ningeweza kupanga maisha ya nyumba hii kwa kujua hiyo tatu tu. Nikatazama tena ukuta: mara siku moja, mara mbili, mara tisa. Wiki ile ya siku tisa tulikuwa tumeoga kwa kopo moja moja.

"Hiyo tisa ndiyo ya kuogopa," alisema, "na wastani umeificha. Sasa fungua daftari tuone zimetawanyika kiasi gani."

Nilifaulu mtihani wa mwisho kwa alama za kawaida, na mpaka leo nikifundisha mtawanyiko naanza na maji. Lakini kufaulu hakukuniondolea woga. Kulinifundisha kuuficha tu. Darasani niliitikia kwa kichwa, nikaandika kila kitu, na nikirudi chumbani nilikaa kitandani na viatu vyangu nikisikiliza Mama Sechelela na Damari wakicheka jikoni, nikiwa na hakika kwamba siku moja mtu atasimama mbele ya watu na kusema huyu Zuhura hajui, alikuwa anaigiza.

Utafiti wangu ulihusu wasiwasi wa akina mama wanaosubiri mvua. Huku msimu ni mmoja kwa mwaka, na kuanzia Oktoba mpaka matone ya kwanza yaanguke kaya nzima huishi ikitazama mawingu. Nilichotaka kuthibitisha kilikuwa chepesi: kwamba akina mama wa kijiji chenye kisima cha pampu wana wasiwasi mdogo kuliko wa vijiji visivyo nacho. Nikachagua vijiji vitatu, viwili vikavu na kimoja chenye kisima, na katika kila kimoja nilitakiwa kuhoji akina mama thelathini na sita. Dodoso lilikuwa na sentensi ishirini, na mhojiwa alichagua jibu: kamwe, mara chache, mara nyingi, au kila siku.

Vijiji viwili vya kwanza, mwezi wa Novemba, Damari alifuatana nami, kwa kuwa akina mama wengi wa kule huongea Kigogo majumbani mwao na Kiswahili changu cha Tanga kiliwachekesha. Tuliketi kwenye vigoda ndani ya nyumba za tembe, zenye giza na ubaridi mzuri baada ya jua la nje, tukakaribishwa ugali wa uwele na mlenda hata pale ilipoonekana wazi kwamba unga wenyewe ni wa kukopa. Sentensi ya kumi na nne ilisema: Kuna siku naona heri nisingekuwepo. Mama wa kwanza aliposomewa hiyo aliwatazama watoto wake waliosimama mlangoni, akasema maneno mawili. Nikamwuliza Damari amejibu nini. Amesema hilo tupite, akanieleza. Wa pili alicheka na kuniuliza kama nimeolewa. Wa tatu alinyamaza muda mrefu mpaka mimi mwenyewe nikainamisha macho. Tulipomaliza vijiji vyote viwili, karibu kila dodoso lilikuwa na nafasi tupu kwenye ya kumi na nne. Njiani nililalamika kwamba data zangu zimejaa mashimo. Damari alisema mashimo nayo ni majibu. Nilimwona anajifanya mjuzi.

Kijiji cha kisima ilibidi niende peke yangu, kwa sababu Damari alikwenda kwao kukusanya data za tasnifu yake. Siku moja kabla ya safari, mvua ikanyesha. Miyuji nzima ilitoka nje. Mama Sechelela alisimama uani na khanga yake imelowa, akiwaita majirani kwa majina, na mabati yakapiga kelele hata hakuna aliyesikia mwenzake. Nadhani mimi ndiye pekee niliyekaa ndani. Kesho yake bodaboda alinifikisha mpaka kwenye korongo lililojaa maji mekundu, akazima pikipiki, akasema hapavukiki. Siku ya tatu nikavuka. Kijiji nilikikuta kitupu, milango imefungwa kwa kamba, watu wote mashambani wakipanda. Mtu pekee niliyemkuta ni mke wa mwenyekiti wa kijiji, anayeuguza mguu. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu, naye alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia kwa upole kwamba wanawake wa hapo nitawapata Aprili. Nikasimama pale na begi langu la madodoso, na ndipo nilipoelewa kwamba hata ningewapata siku ile ile isingesaidia kitu. Hakukuwa tena na mtu anayesubiri mvua. Kile nilichokuja kukipima kilikuwa kimekwisha kwa usiku mmoja, na kingerudi baada ya mwaka, wakati ruhusa yangu ya kazini ingeisha Julai.

Nilipaswa kwenda kwa Dokta Kisanga siku hiyo hiyo. Sasa najua angenipa njia. Ziko njia nyingi halali za kuokoa utafiti uliokatikia katikati, na mimi mwenyewe nimewaonyesha wanafunzi wengi. Lakini nilikaa siku kumi na mbili bila kumwambia mtu. Jumapili moja mchana, Mama Sechelela akiwa kanisani na kwaya yake na Damari bado yuko Mpwapwa, nilifunga mlango, nikapanga madodoso thelathini na sita kitandani, nikachukua kalamu tatu za rangi tofauti, mbili za bluu na moja nyeusi. Nilijiambia kwamba sidanganyi, nakisia tu, kwamba mtu mwenye kisima hawezi kuwa na wasiwasi mwingi na jambo hilo liko wazi hata kwa mtoto. Nikawapa majina ya namba, kama ilivyotakiwa: mhojiwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikawapa umri. Mmoja nilimpa watoto saba na nikamwonea huruma. Nilizungusha majibu, huyu "mara chache," huyu "kamwe," na hapa na pale "mara nyingi" ili wasifanane. Nilipomaliza nilitoka uani, nikayakunja yale makaratasi na kuyapaka vumbi kwa kiganja, yafanane na yaliyosafiri. Kisha nikanawa mikono, nikapika wali, na sikuweza kuula. Mama Sechelela aliporudi aliniona na sahani imejaa, akanigusa paji la uso, akasema nikapime malaria.

Namba zilipoingia kwenye kompyuta, zilikubali. Ni neno baya lakini sina lingine. Katika takwimu kuna mpaka: tofauti ikivuka hapo, mtu haruhusiwi tena kusema labda ni bahati tu. Tofauti yangu iliuvuka mpaka ule kwa mbali. Kijiji cha kisima kilikuwa kimetulia, vile viwili vikavu vilikuwa vinahangaika, kama nilivyotabiri. Nilipeleka majedwali ya awali Chimwaga Alhamisi moja katikati ya Januari. Dokta Kisanga aliyapitia taratibu huku upepo wa mlimani ukipiga miluzi kwenye vioo vya dirisha, akasema ni kazi safi, kisha akanieleza jambo ambalo sikulitarajia. Kulikuwa na shirika lililotaka kupeleka wahudumu wa ushauri nasaha vijijini Chamwino, na halikuwa na watu wa kutosha kwa vijiji vyote. Walikuwa wamemwuliza kama chuo kina lolote la kuwasaidia kuchagua. Kwa matokeo haya, alisema, vile viwili vingetangulia, na kijiji cha kisima kingeweza kusubiri hata miaka miwili. Angewapelekea mwisho wa mwezi. Nilimshukuru. Niliteremka ngazi nikishika ukuta.

Jumapili iliyofuata Damari, aliyekuwa amesharudi, alijitolea kunikagulia data kabla sijaandika sura ya mwisho. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya, mimi namsomea Kiingereza chake, yeye ananikagulia namba zangu. Alikaa kwenye meza ya jikoni na kompyuta, mimi nikichagua mchele kwenye ungo. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini wimbo waliouimba kanisani asubuhi. Halafu akaacha kuimba. Niliendelea kuchagua mchele, nikarudia kuchagua mchele niliokwisha kuuchagua.

"Zuhura, kijiji cha kisima ulikwenda na nani?"

"Peke yangu. Wale wanajua Kiswahili."

"Wote thelathini na sita?"

"Wanajua."

Akageuza kompyuta kidogo ili nione kioo. "Na wote wamekujibu ile ya kumi na nne."

Safu ile ilikuwa imejaa kutoka juu hadi chini, kamwe, kamwe, kamwe, bila nafasi hata moja. Katika vijiji viwili vya watu halisi safu hiyo hiyo ilikuwa karibu tupu. Nilikuwa nimekumbuka kalamu tatu na vumbi, nikasahau kwamba mama aliyekaa mbele ya watoto wake hajibu swali lile. Hata namba nyingine zilinisaliti, alinionyesha kwa kidole bila kusema: hazikutawanyika. Wanawake wangu wa kubuni walikuwa wote wamekaa karibu karibu na wastani, hakuna hata mmoja mwenye siku tisa bila maji. Ningeweza kusema kweli pale pale. Badala yake nilimwambia neno ambalo limenisumbua miaka yote hii. Nilimwambia ananionea wivu, kwa sababu matokeo yake ya Mpwapwa hayakuonyesha kitu na yangu yameonyesha. Alifunga kompyuta, akachukua ungo mikononi mwangu, akaenda kuosha mchele. Akiwa amenipa mgongo alisema, "Mimi sitakuuliza tena," na hakuniuliza tena.

Siku zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kuliko zote. Tuliendelea kusalimiana, kila mmoja akipika sufuria yake. Kwa kuwa kuta zilikuwa nyembamba nilimsikia akiamka, akisali, akitoka, na kila alipotoka nilijiuliza anakwenda kumwambia nani. Asubuhi moja nilisikia yeye na Mama Sechelela wakiongea uani kwa Kigogo, lugha nisiyoijua, na katikati ya maneno yote yale nikasikia jina langu, mara mbili. Nilisimama nyuma ya mlango na mswaki mdomoni nikisubiri litajwe tena. Halikutajwa. Chuoni niliepuka maktaba. Siku moja nilichelewa kumkwepa Dokta Kisanga, tukakutana ana kwa ana ukumbini, akaniuliza kazi inaendaje. Nikasema inaendelea vizuri. Alinitazama kwa muda uliozidi kidogo ule wa salamu, akasema, "Vizuri. Ukiwa tayari, njoo," akapita. Nilikaa siku mbili nikiyapindua maneno yale. Tayari kwa lipi? Nilipungua mpaka sketi ikahitaji pini. Nilianza kuota kile kijiji, milango yake yenye kamba, na ndani ya kila nyumba mtu amekaa kwenye kigoda akinisubiri nimsomee sentensi.

Watu huniuliza, wale niliowasimulia nusu, ni nini kilichonipeleka mwishowe. Wangependa niseme dhamiri. Ilikuwa kitu kidogo zaidi. Nilikuwa sokoni Majengo nikinunua nyanya, na mama mmoja pembeni yangu, mgeni wa mjini kwa jinsi alivyofunga mzigo wake, alikuwa akimwuliza muuzaji kama anajua daktari wa mtu asiyelala. Dada yake halali, alisema, tangu Novemba, anakaa tu macho wazi. Muuzaji alimwuliza wametoka wapi. Alitaja kijiji cha kisima. Muuzaji akashangaa, akasema huko si kuna maji, na yule mama akasema ndiyo, maji yapo. Nilizirudisha nyanya nilizokuwa nimezishika, nikapanda gari la Chimwaga. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, na nilihofia nikifika nyumbani kwanza nitavua viatu nisitoke tena.

Dokta Kisanga alikuwa peke yake. Nilisimama mlangoni nikasema yote kabla sijakaribishwa kukaa.

"Dokta, madodoso ya kijiji cha kisima niliyajaza mwenyewe."

"Yote?"

"Yote. Sikumhoji mtu hata mmoja."

Aliinuka akafunga dirisha, kwa sababu upepo ulikuwa ukipeperusha karatasi, na alichukua muda mrefu kulifunga. Nilipomwona amegeuka nilianza kueleza habari za korongo, za mvua, za ruhusa yangu ya kazi, akaniinulia mkono. Akaniuliza kwa nini nimekuja leo. Nikamwambia kwamba kile kijiji kitapitwa na sijui hata mtu mmoja wa pale anajisikiaje. Akanisogezea karatasi nyeupe na kalamu. Niandike nilichofanya, alisema, ukurasa mmoja, bila sababu. Sababu nitaulizwa baadaye na wengine. Niliandika, na alipoisoma alisahihisha kosa moja la tahajia, akaiweka kwenye bahasha. Hakunifariji. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nikajikuta nashindwa kuvumilia ule utulivu, nikalia, naye alisubiri mpaka nikamaliza kisha akanieleza utaratibu.

Kamati iliniita mara mbili. Data za kijiji cha kisima zilifutwa, nikapewa onyo la maandishi, na nikaambiwa nikitaka shahada nirudi uwandani msimu ujao nikihoji kijiji hicho upya kwa gharama yangu. Shirika lilielezwa kwamba matokeo hayapo bado. Nilirudi kufundisha kidato cha pili, na kwenye chumba cha walimu nilisema tasnifu imechelewa. Damari alimaliza pamoja na wenzetu. Siku ya mahafali nilikuwa nasimamia mtihani. Siku alipofungasha vitu vyake Miyuji nilimsaidia kubeba godoro mpaka kwenye gari, tukaagana kwa kushikana mikono kama watu waliokutana ofisini. Sikumwomba radhi. Nilikuwa nimeomba radhi kwa kila mtu, kwa kamati, kwa msimamizi, kwa mkuu wangu wa shule, na yule niliyemtupia neno baya nilimwona ni mlango mwingine tena.

Novemba iliyofuata nilimpigia simu kumwuliza kama anamfahamu mtu wa kunitafsiria. Alisema anamfahamu. Aliyeshuka kwenye basi alikuwa yeye mwenyewe, na mfuko wa zabibu, amechukua likizo ya siku nne. Tulihoji akina mama thelathini na sita wenye majina na sauti. Wasiwasi wao ulikuwa sawasawa na wa wenzao wa vijiji vikavu, na kwa baadhi ulizidi. Kisima kilikuwa pale, na kwa sababu kilikuwa pale mifugo ya mbali ililetwa kunywa, foleni ilianza alfajiri, ugomvi haukwisha, na kila aliyesikia pampu ikikoroma alidhani leo ndiyo siku ya kuharibika. Mawazo hayo yasingenijia hata ningekaa na kalamu zangu tatu mwaka mzima. Siku ya mwisho tulikaribishwa chakula, na nilipokuwa nimekata tonge nikasema, bila kumtazama, "Damari, lile neno la wivu." Alisogeza bakuli la mlenda upande wangu. "Kula," alisema. "Ukipoa hauliki." Tukala. Matokeo yangu mapya hayakuuvuka mpaka wowote, na tasnifu ilipita kwa alama za wastani. Kijiji cha kisima kiliwekwa kwenye orodha ya wahudumu pamoja na vingine.

Baada ya hapo tulipigiana simu miaka yote, sikukuu zake na sikukuu zangu, tukiongea habari za watoto, za shinikizo la damu, za wanafunzi wasiosoma. Mambo ya mwaka ule hatukuyagusa. Niliamini kwamba alichagua kunyamaza, na kwamba kwenda kwangu Chimwaga Ijumaa ile lilikuwa jambo langu mimi peke yangu, ujasiri wangu wa pekee ambao naweza kuuhesabu.

Jumanne, baada ya mazishi, nilikaa chini ya turubai karibu na mzee mmoja mwenye fimbo ambaye kwanza sikumtambua. Alikuwa Dokta Kisanga, amestaafu, ameletwa na mwanawe. Nilimpa shikamoo, tukazungumza kidogo kuhusu marehemu, na yeye, akidhani ni jambo ninalolijua, akataja ile Jumatatu. Nikamwuliza Jumatatu ipi. Akanitazama kwa mshangao. Akasema Damari alikwenda ofisini kwake Jumatatu moja asubuhi, mwezi wa Januari, akamwambia kwamba kazi yangu ina tatizo, kwamba tatizo lenyewe mimi nalijua, na kwamba asiipeleke popote kwa wiki mbili. Dokta alimwuliza tatizo gani. Damari akasema si lake kulieleza. Mzee aliichora ardhi kwa ncha ya fimbo.

"Nikamwambia, mimi nina tarehe ya kutimiza. Asipokuja? Akasema atakuja. Nikamwuliza tena. Akasema, 'Asipokuja nitakuja mimi, lakini nipe wiki mbili zote.'"

Wanawake walikuwa wanapita na sinia za wali, wakituita tunawe. Nilimsaidia mzee kuinuka, nikamshikia fimbo wakati ananawa. Nilikuwa nahesabu. Jumatatu ile, siku moja baada ya ule mchele, wiki ya kwanza, wiki ya pili, Ijumaa saa nane mchana. Nilikuwa nimebakiza Jumamosi na Jumapili.